Nani Anayejibu? Kiswahili na Darasa la Mbali, Tangu Redio ya Kijiji hadi Mkutano wa Video



Anayeandika historia ya vyombo vya kufundishia kwa mbali kwa kawaida huanza na mashine. Atataja simu ya picha iliyoonyeshwa na kampuni ya AT&T katika maonyesho ya New York mwaka 1964, kisha ataeleza jinsi kanuni za kimataifa za mwaka 1990 zilivyowezesha vifaa vya watengenezaji mbalimbali kuwasiliana, halafu atafika kwenye programu ya CU-SeeMe iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1992, ambayo iliwapa walimu na wanafunzi picha za rangi nyeusi na nyeupe juu ya kompyuta ya kawaida. Historia ya namna hiyo ni ya kweli, lakini haitusaidii sana sisi tunaoshughulika na lugha. Mhadhara huu utauliza jambo moja kwa kila chombo kilichotumika Afrika Mashariki: mwanafunzi aliyeketi upande wa pili aliweza kujibu kwa njia gani, na alijibu kwa lugha gani?

Majibizano ya mbali si jambo geni katika Kiswahili. Katika karne ya 19 malenga wa Mombasa na wa Lamu walipelekeana tungo za kujibizana, Muyaka bin Haji akiwa mmoja wao. Kuanzia mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo likawapa washairi waliotenganishwa na mamia ya kilomita uwanja wa kuulizana na kutoleana hoja. Jibu lilichukua majuma, pengine miezi, lakini lilikuja, na lilikuja katika bahari ileile ya lugha iliyobeba swali. Wasomaji wengine nao waliruhusiwa kuingilia kati. Sifa hizi tatu tuziweke akilini, maana tutazihitaji.

Redio na vikundi vya wasikilizaji

Mojawapo ya madarasa makubwa ya mbali yaliyowahi kuendeshwa kwa Kiswahili halikuwa na skrini. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania, ikishirikiana na wizara husika na Radio Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kabla yake kulikuwa na Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mtu ni Afya ilidumu majuma 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na washiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu zaidi ya milioni 15 hivi.

Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Kikundi kilikusanyika mahali palipo na redio, kikasikiliza kipindi, kisha kiongozi akasoma kijitabu kilichochapishwa kwa ajili ya somo la juma hilo. Baada ya hapo redio ilizimwa. Nasisitiza neno hilo: ilizimwa. Sehemu kubwa ya somo ilikuwa mazungumzo ya wanakikundi wenyewe juu ya malaria, kichocho, maji na vyoo, na kuamua watafanya nini kijijini mwao kabla ya kipindi kijacho. Mitambo ya Dar es Salaam haikuwa na uwezo wa kumsikia mtu yeyote. Kwa kipimo cha uhandisi, chombo hicho kilikuwa cha njia moja kabisa. Kwa kipimo cha lugha, hata hivyo, kilizaa mazungumzo mengi kuliko vyombo vingi vilivyokifuata, kwa sababu waliokiandaa walijua udhaifu wake wakapanga jinsi ya kuuziba. Nafasi ya kujibu iliwekwa kijijini, ikakabidhiwa watu walioshiriki lugha moja, hata wale ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba mazungumzo hayo yaliongozwa kutoka juu, na kwamba majibu yaliyokubalika yalikuwa yameandikwa tayari katika kijitabu. Ni kweli kwa kiasi. Lakini anayechimba choo kwa uamuzi wa kikao amekwisha kubishana na jirani yake mahali pa kukiweka, na ubishi huo haukuandikwa na mtu yeyote wa Taasisi.

Dishi la setilaiti

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa Chuo Kikuu cha Afrika kwa Njia ya Mtandao, ukiratibiwa kutoka Washington. Majaribio ya awali katika nchi zinazotumia Kiingereza yalihusu Ethiopia, Ghana, Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Kwa upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti, ikapokewa kwa dishi, ikaonyeshwa kwa runinga katika ukumbi uliotengwa. Mwanafunzi aliyetaka kuuliza alitumia simu, faksi au barua pepe.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya kuwa na njia ya kurudi na kuweza kuitumia. Mhadhara unaoanza saa tatu asubuhi Washington wakati wa majira ya baridi hufika Nairobi na Dar es Salaam saa kumi na moja jioni. Gharama ya simu ya kimataifa ya miaka hiyo inajulikana na kila aliyewahi kuilipia. Zaidi ya hayo, aliyepata laini alipaswa kuunda swali lake kwa Kiingereza, mbele ya kamera asiyoiona na darasa la nchi nyingine lililokuwa linasikiliza. Picha ilikuja kwa wingi. Sauti ya kurudi ilikuwa uzi mwembamba. Makao makuu ya chuo hicho yalihamishiwa Nairobi mwaka 2002, na mwaka 2003 kikawa taasisi ya kiserikali chini ya mkataba wa nchi kadhaa za Afrika. Kwa umiliki, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Kwa lugha hayakubadili jambo: chuo kilizungumza Kiingereza, Kifaransa na baadaye Kireno.

Mkutano wa video wa kweli, wa picha kwenda na picha kurudi, uliwafikia watu wa Dar es Salaam kwa namna ya kitaasisi kupitia mtandao wa vituo vya kujifunzia ulioanzishwa pia na Benki ya Dunia mwaka 2000. Kituo cha Tanzania kiliwekwa katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mtaa wa Shaaban Robert. Sitaki kulifanya jina la mtaa kuwa hoja. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi hawezi kupita bila kuona kwamba katika mtaa wenye jina la mwandishi huyo palikuwa na chumba ambamo ili mtu asikike ng'ambo ilimlazimu kuiacha lugha ya mwandishi huyo mlangoni.

Nusu sekunde na neno "naam"

Sasa tuingie katika jambo ambalo wanaisimu hawajalipa uzito unaostahili. Setilaiti ya mawasiliano ya aina iliyotumika wakati huo huwa katika umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Sauti husafiri kwenda huko na kurudi chini kwa muda unaokaribia robo ya sekunde, na jibu nalo huhitaji muda uleule. Kwa hiyo anayesema "Shikamoo" hawezi kuipata "Marahaba" kabla ya nusu sekunde kupita, bila kuhesabu muda wa mashine kuichakata picha. Muda huo ni mdogo kwa saa, lakini katika mazungumzo ni mrefu. Aliyeamkia huanza kujiuliza kama amesikika, hurudia, na kurudia kwake hugongana na jibu lililokuwa njiani. Maamkizi ya Kiswahili hujengwa kwa jozi nyingi fupi zinazofuatana, kwa hiyo huvurugika mapema zaidi kuliko salamu ya neno moja.

Tatizo la pili ni la swichi ya picha. Katika mikutano iliyounganisha vituo vingi, mitambo mingi iliwekwa ionyeshe kituo ambacho sauti yake inasikika. Msikilizaji mwema wa Kiswahili hasikilizi kimya. Husema "naam", "ehee", "ala!", na kwa vitikio hivyo humjulisha msemaji kwamba wako pamoja. Mbele ya swichi ya sauti, "naam" moja yaweza kuinyang'anya picha kutoka kwa mhadhiri na kuipeleka kwa mtu aliyekuwa anatikisa kichwa tu. Dawa iliyotolewa ni ileile kila mahali: zima kipaza sauti mpaka uitwe. Kiufundi dawa hiyo inafaa. Kimazungumzo, ilimgeuza msikilizaji kuwa mtazamaji, na msemaji akabaki akizungumza na ukuta wa nyuso.

Nguvu ya hoja hii isitiwe chumvi. Wazungumzaji wa lugha nyingine nao wana vitikio vyao, nao walizimiwa vipaza sauti. Ninachodai ni kwamba darasa la Kiswahili lilipoteza hapo sehemu ya sarufi yake ya mazungumzo, na sisi tulioisomea sarufi hiyo hatukuwepo vyumba hivyo vilipopangwa.

Mkongo na maneno

Mkongo wa SEACOM ulianza kutoa huduma pwani ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2009, ukafuatiwa na mingine. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya eneo letu na dunia yalitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa. Mkongo ulipunguza ucheleweshaji na, polepole, gharama. Haya yanafahamika, nami sitayarefusha.

Lisilosemwa sana ni kwamba maneno yalitangulia mkongo. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Watafsiri wake walikabili kazi ambayo watunga istilahi wa kamati huikwepa: kila kitufe kilihitaji neno, na kitufe hakiruhusu fafanuzi ya sentensi tatu. Mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi tunaujua. Mitaani kompyuta ilikwisha kushinda. Kwa vifaa vya mkutano wa video matokeo yalikuwa mchanganyiko. Skrini na kamera yalikaa. Gumzo lilipata maana mpya ya maandishi yanayopita pembeni mwa picha. Mubashara liliingia kwa kishindo cha watangazaji na kulisukuma kando "moja kwa moja", ambalo kwa maoni yangu lilikuwa likitosha. Lakini kwa chombo chenyewe hatuna hadi leo jina moja tulilokubaliana, na mwalimu husema "mkutano wa video" au hutaja tu jina la kampuni.

Mwezi Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa Kenya na Tanzania kwa sababu ya UVIKO-19. Vyuo vya Tanzania vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo. Kenya ilianza kurejesha baadhi ya madarasa mwezi Oktoba, na wanafunzi wote wa shule wakarudi Januari 2021. Katika miezi hiyo vyuo vyenye uwezo vilikimbilia mikutano ya video. Watoto wengi wa Kenya, kwa upande wao, walifundishwa kupitia vipindi vya redio na runinga vya taasisi ya ukuzaji mitaala. Redio ilirudi, lakini bila kikundi, bila kiongozi na bila kijitabu kilichosubiri mkononi. Kile ambacho mwaka 1973 kilikuwa nusu ya darasa, mwaka 2020 kiliombwa kiwe darasa zima.

Kwa waliokuwa na vifurushi vya intaneti, jambo jingine lilitokea ambalo halikupangwa na mtu. Wanafunzi waliozima kamera ili kuokoa gharama, na vipaza sauti kwa utaratibu, walianza kuandika katika gumzo. Humo "naam" ikarudi, safari hii kwa herufi. Shikamoo ziliandikwa thelathini kwa mpigo, na mwalimu akazipokea kwa marahaba moja ya wote. Maswali ambayo mwanafunzi asingeyauliza kwa mdomo mbele ya ukumbi aliyaandika, mara nyingi kwa Kiswahili hata katika somo linalofundishwa kwa Kiingereza, na mwenzake akamjibu kabla mhadhiri hajayaona. Umbali, lugha moja, na ruhusa ya wengine kuingilia kati: malenga wa Mambo Leo wangeutambua mpangilio huo.

Maandishi ya magumzo hayo ni data ya Kiswahili cha kielimu kilichoandikwa papo kwa papo na wanafunzi wenyewe. Mengi yalihifadhiwa katika kompyuta za walimu au katika akaunti za kampuni zinazotoa huduma hiyo, na akaunti hufungwa, kompyuta huharibika. Vijitabu vya mwaka 1973 vilichapishwa, hivyo mtafiti aweza bado kuvitafuta maktabani. Idara zetu za Kiswahili zingeweza kuanza muhula huu kuwaomba walimu na wanafunzi, kwa ridhaa yao na majina yakiwa yameondolewa, watoe magumzo waliyonayo yahifadhiwe pamoja. Kazi hiyo haihitaji mtambo mpya. Inahitaji mtu mmoja wa kuyapokea, na kabati au diski ya kuyaweka.