HISTORIA YA TIBA, SEHEMU YA 3: Babu anayetetemeka

Leo tuongee kuhusu babu na bibi zetu wanaotetemeka mkono hata wakiwa wamekaa tu. Huku Saza utasikia, "amerogwa", au "uzee huo". Jamani, inaweza kuwa Parkinson. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa taratibu, mwili unakuwa mgumu na mzito.

Sasa sikia. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa levodopa sungura waliolegezwa kwa dawa, wakaamka! Mwaka 1979 watafiti wakapandikiza seli za vijusi vya panya kwenye ubongo wa panya walioharibiwa upande mmoja, wale waliokuwa wanazunguka kama pia. Kuzunguka kukapungua. Mwaka 1987, huko Lund, Sweden, wakaanza kwa binadamu. Wapo waliopata nafuu, lakini majaribio ya Marekani yaliyotangazwa 2001 yalionyesha wengine walibaki na mijongeo isiyozuilika. Mwaka 2018 Kyoto, Japani, wakaanza kujaribu seli za maabara. Bado ni utafiti, kwa hiyo anayekuuzia "seli" leo, mkimbie.

Na hapa kwetu? Utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliotoka 2008, ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hilo ndilo linaniuma. Levodopa ile ile ni vidonge, ipo.

Mlete babu hospitali. Akianzishiwa dawa, asiiache ghafla. Una mzee wa hivyo nyumbani? Niambie hapo chini.