Transfoma Iliyokatwa Mbili

Bibi yangu, pale Tanga, alitafuna ncha ya kijiti cha mswaki mpaka ichambuke nyuzinyuzi, ndipo asugue. Jina hilo lina asili ya Kiarabu. Tukaliita hivyo hivyo brashi la plastiki, na sasa tunaliita hivyo dude lenye mota. Mimi ni fundi redio. Mswaki wa umeme ulipotua mezani kwangu nilicheka: mtu na mikono yake miwili?

Kumbe mwenyewe ni mzee aliyekakamaa vidole kwa baridi yabisi. Nikanyamaza, maana ndiko ulikotokea. Mwaka 1954, huko Uswisi, Dkt. Philippe-Guy Woog alibuni Broxodent, na waliolengwa ni wagonjwa ambao mikono haiwatii, na wale waliofungwa waya za kunyooshea meno. Ulichomekwa moja kwa moja ukutani. Kiganja kimelowa, mdomo umejaa maji, na waya unatoka kwenye soketi: mimi nisingeugusa! Ulifika Marekani mwaka 1960 kupitia kampuni ya Squibb. Mwaka uliofuata General Electric wakatoa wao wa betri ya kuchaji, hauna waya.

Lakini kitu kinachoshinda majini kitachajiwaje? Niliufungua kwa bisibisi nikitafuta tundu la chaji. Halipo. Chini ya mpini mna koili ya waya mwembamba wa shaba. Ndani ya kitako cha kuchajia mna koili nyingine iliyozungushwa kwenye kiini cheusi. Nani asiyeijua hiyo? Ni transfoma, ila wameikata mbili: nusu wameiacha kwenye umeme, nusu unaondoka nayo. Umeme wa koili ya chini hugeukageuka, sumaku yake nayo hugeuka, na kule juu umeme huamka, plastiki ikiwa katikati. Michael Faraday aliligundua jambo hilo London mwaka 1831. Hakuwa akiwaza meno.

Umeme huo huchaji betri inayoendesha mota, nayo mota huzunguka upande mmoja tu. Pini iliyopachikwa pembeni mwa gia, nje ya kitovu, ndiyo husukuma na kuvuta fimbo, kichwa kikayumba huku na huku.

Betri ilikuwa imekufa, tena imelehemiwa. Nikatia ya simu kuukuu ya mezani, volti 1.2, nikaziba kwa silikoni.

“Shikamoo mzee, jaribu.”

Akabonyeza, ukavuma kama nyuki ndani ya chupa. Akautia mdomoni palepale, mkavu, bila dawa.