Kupungua Mwili, Sukari na Moyo

Sisi tulioaswa tangu siku za uchumba kwamba kupungua ni dawa ya kila kitu, kisa hiki kilitushtua, shoga zetu. Mwaka 2001 ulianza Marekani utafiti wa Look AHEAD: watu 5,145 wenye kisukari cha aina ya pili na uzito uliozidi. Karibu nusu yao walipunguza chakula na kufanya mazoezi. Mwaka wa kwanza wakapungua asilimia 8.6. Mwaka 2012 ukasitishwa: mshtuko wa moyo na kiharusi viliwapata sawa na wenzao waliopewa mafunzo tu. Hata hivyo walihitaji dawa chache zaidi, na figo zao zilisalimika zaidi. Uchambuzi wa 2016 ukaonesha waliopungua angalau asilimia 10 mwaka ule wa kwanza walikuwa na hatari ndogo ya moyo.