Sakitu ya Brazil ya 1975 na funzo lake kwa mwenye mibuni



Kila Juni na Julai wakulima wa nyanda za juu huuliza wafanye nini mibuni au michai ikiungua kwa sakitu, yaani umande unaoganda. Kabla ya kushika panga, tujifunze kwa waliopigwa kuliko sisi.

Jimbo la Paraná liko kusini mwa Brazil, na huko pia Julai ni msimu wa baridi. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Julai 1975 baridi ilikuwa kali mno hadi maji yaliyomo ndani ya majani na matawi yakaganda. Mibuni ikawa myeusi kana kwamba moto umepita. Wenyeji waliiita sakitu nyeusi. Mwaka huo Paraná ilikuwa imevuna magunia milioni 10 hivi ya kilo 60, karibu nusu ya kahawa yote ya Brazil. Mwaka 1976 ilivuna magunia elfu chache tu.

Wakulima wengi waling'oa mibuni wakapanda soya na ngano. Vibarua walikosa kazi wakahamia mijini. Kilimo cha kahawa kikasogea kaskazini, hasa Minas Gerais.

Wengine waliona kwamba juu kumekufa lakini mizizi ni hai. Walikata shina wakaacha kisiki, wakachagua maotea yenye nguvu, wakasubiri. Mbuni uliokatwa hivyo huchukua miaka 2 hadi 3 kutoa mavuno ya maana.

Huku kwetu habari hiyo ilifika kwa njia ya bei. Ratili moja ya kahawa, iliyokuwa chini ya dola 1 mwaka 1975, ilipita dola 3 Aprili 1977. Kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube, Bungoma, nchini Kenya. Waliofaidi ni wale ambao mibuni yao ilikuwa imesimama tayari. Aliyepanda miche kwa kufuata bei ile alichelewa, kwani kufikia 1978 bei ilikuwa imeshuka karibu nusu.

Kwa hiyo, shamba lako likiungua:

1. Usikate mara moja. Subiri machipukizi yatokeze, ndipo utajua uhai umeishia wapi. Kwangua gome kwa kisu: kijani ni uhai, kahawia ni kifo.
2. Zikiungua ncha tu, punguza ncha. Matawi yakifa na shina likiwa hai, ondoa matawi hayo. Shina likifa, acha kisiki cha sentimita 30 hadi 40, ukate kwa mshazari ili maji yasituame.
3. Bakiza maotea 2 au 3 kwa kila kisiki.
4. Weka samadi au mbolea mvua zikianza na machipukizi yakiwa yametoka, si kabla.
5. Miche michanga ifunike kabla ya baridi. Paraná huilundikia udongo kwenye shina.

Na wewe unayeuza kwa butura, kahawa ikiwa bado mtini: sakitu ya usiku mmoja ng'ambo ya bahari inaweza kupandisha bei, na faida yote ikaenda kwa mnunuzi. Uliza bei kwanza.

Mbuni mweusi si lazima uwe mbuni mfu. Kagua mizizi na shina kabla ya kung'oa.