Sotoka, Nyumbu, na Somo la Watoto Wetu

Mtoto wa shule akiulizwa habari za wanyama wa porini, mara nyingi hujibu kwa kutaja majina: simba, twiga, ndovu, nyati. Majina hayo ni mema, nasi walimu twayafundisha. Lakini kujua majina ya watu wa kijiji si kujua udugu wao. Pori nalo lina udugu wake, tena lina historia yake. Na asiyeijua historia hiyo hudhani kwamba nchi aionayo leo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Basi twataka kueleza hapa habari ya maradhi yaitwayo sotoka, kwa kuwa twaona ni habari chache katika nchi zetu ziwezazo kumfundisha mtoto vema zaidi jinsi ng'ombe, nyasi, mnyama wa mwitu na mwanadamu walivyofungamana.

Sotoka ilikuwa maradhi ya wanyama wenye kwato zilizogawanyika. Mnyama aliyeshikwa alipata homa, machozi na kamasi zikamtoka, kinywa kikafanya vidonda, kisha akaharisha. Na wengi walikufa kabla ya majuma mawili kwisha. Punda milia na ndovu hawakuguswa, lakini ng'ombe, nyati, pofu, twiga, ngiri na nyumbu walianguka. Yasadikiwa kwamba maradhi haya yaliingia kwa ng'ombe walioletwa kulisha askari wa Kitalia katika pwani ya Bahari ya Shamu, karibu na mwaka 1887. Kutoka huko yalipita katika nchi ya Habeshi, iitwayo leo Ethiopia, yakafika nchi ya Wamasai katika mwaka 1890 na 1891. Mwaka 1896 yakavuka Mto Zambezi, na mwaka uliofuata yakafika koloni la Cape. Kwa muda wa miaka kumi hivi yalikwisha kulipita bara la Afrika toka pembe yake ya mashariki hata ncha yake ya kusini.

Wataalamu wakadiria kwamba mahali pengi walikufa ng'ombe zaidi ya 80 katika kila 100. Tufikiri maana yake kwa watu ambao maziwa ndiyo chakula chao, na ng'ombe ndiye mahari, na akiba, na heshima ya nyumba. Njaa ilifuata, na ndui nayo ikaja juu ya njaa. Msafiri Oscar Baumann, Mwaustria, aliingia katika bonde la Ngorongoro mwezi wa Machi 1892. Aliandika jinsi alivyowakuta Wamasai wamebaki mifupa mitupu, na vijana waliokuwa hodari wa vita wakijikokota kwa shida. Watu wengi walihama wakatafute chakula kwa wakulima. Wengine hawakurudi tena.

Hapa ndipo mtoto aanze kuona ule udugu tuliousema. Ng'ombe walipokwisha, hapakuwa na wa kuzila nyasi. Wachungaji walipoondoka, hapakuwa na wa kuchoma majani kwa wakati wake wala wa kukata vichaka. Mahali pengi malisho yakageuka kuwa vichaka, na baada ya miaka wanyama wa porini walipoanza kuongezeka tena, mbung'o akafuata, naye huleta maradhi ya ng'ombe na malale ya watu. Hivyo hata aliyetaka kurudi na mifugo yake alikuta mlango umefungwa. Mwanachuoni Helge Kjekshus alieleza habari hizo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1977. Alionyesha ya kuwa wenyeji walikuwa wakilitawala pori kwa kulima, kuchunga na kuchoma moto, na ya kuwa misiba ya miaka ile ndiyo iliyowanyang'anya utawala huo.

Sasa tuangalie yaliyofuata. Wageni waliokuja kutawala walikuta nchi ambayo mahali pengi watu wamepungua, wakadhani kwamba ndiyo hali yake ya asili. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuwahifadhi wanyama na kuzuia uwindaji usio na hati. Waingereza nao wakaendelea na sheria za namna hiyo. Mwaka 1951 Serengeti ikafanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1959 mipaka ikabadilishwa: Ngorongoro ikatengwa mbali, na Wamasai waliokuwa wakiishi katika mbuga za Serengeti wakahamishiwa huko. Hatusemi kwamba kuwalinda wanyama kulikuwa kosa. Laiti wasingalilindwa, wengi wangalikwisha kwa bunduki. Twasema kwamba sheria ilitangulia na somo likachelewa. Mwenyeji aliambiwa usiwinde, usichunge, usipite. Hakuelezwa sababu, wala hakuulizwa alijualo. Kwa hiyo watu wengi wakamhesabu mnyama kuwa ni mali ya Serikali, na mali ya mwingine haimwumi mtu moyo.

Lakini habari ya sotoka haikuishia katika msiba. Maradhi yalibaki nchini miaka mingi, yakizuka hapa na pale. Katika Serengeti yaliwaua hasa nyumbu wadogo. Ndama alipata kinga katika maziwa ya mama yake. Kinga hiyo ilipokwisha baada ya miezi kadhaa, alishikwa akafa. Wafugaji wengi na maofisa pia walidhani kwamba mnyama wa porini ndiye ghala ya maradhi, naye ndiye amwambukizaye ng'ombe. Walimu wetu wa zamani wangalifundisha hivyo hivyo.

Walter Plowright na wenzake waliokuwa Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo mpya ya sotoka, rahisi na ya kuaminika. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Katika miaka ya 1950 na ya 1960 ng'ombe wa sehemu zilizozunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi. Nyumbu hawakuchomwa sindano hata mmoja. Ajabu ni kwamba baada ya mwaka 1963 hivi maradhi yalitoweka kwa nyumbu pia. Ndipo ilipojulikana kwamba ng'ombe ndio waliokuwa ghala, na nyumbu ndio waliokuwa wakiambukizwa. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa yapata 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamezidi 1,300,000.

Tena mambo hayakukoma kwa nyumbu. Mtaalamu Anthony Sinclair, aliyeanza kazi yake Serengeti katika miaka ya 1960, pamoja na wenzake waliyafuata yaliyotokea hatua kwa hatua. Nyumbu walipokuwa wengi, walizila nyasi zikawa fupi. Nyasi zilipokuwa fupi, moto wa kiangazi ulikosa kuni, ukapungua. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapona ikakua. Miti ilipokua, twiga wakapata majani. Simba na fisi nao wakapata mawindo, wakaongezeka. Tazameni basi: sindano iliyochomwa katika shingo ya ng'ombe wa mfugaji ikaotesha mti porini. Mtoto akilishika hilo moja, amejua habari za pori kuliko yule awezaye kutaja majina mia ya ndege.

Kazi ya kuwafundisha watoto ilianza kupata njia yake katika miaka iyo hiyo. Mwezi wa Septemba 1961, kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko katika mkutano wa Arusha. Alisema kwamba wanyama wa porini ni sehemu ya mali na maisha ya nchi, na kwamba kuwatunza ni amana kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Mwaka 1963 kilifunguliwa chuo cha Mweka, katika mteremko wa Kilimanjaro, ili Waafrika wafunzwe kazi ya kuwatunza. Nchini Kenya vyama vya wanafunzi vya wanyamapori vilianza mwaka 1968, na Tanzania ikaanzisha vyama vya Malihai katika mwaka 1980. Hivyo somo likapata kuingia shuleni.

Je, tulifundisheje somo hilo? Samaki mkunje angali mbichi. Lakini asikunjwe kwa uongo. Mtoto ambaye shamba la baba yake limeliwa na ndovu, au mbuzi wao amechukuliwa na fisi, tusimwambie kwamba wanyama ni wazuri tu, maana atatuona hatujui kitu. Tumwambie kweli kwamba kukaa jirani na mnyama kuna gharama, na kwamba ni haki gharama hiyo isibebwe na mwanakijiji peke yake. Kisha tumtume kwa wazee, awaulize ni wapi palipokuwa malisho ya zamani, ni lini vichaka viliingia, na moto ulichomwa mwezi gani. Arudi na majibu, ayaandike ubaoni, naye achore mistari toka ng'ombe hata nyasi, toka nyasi hata moto, toka moto hata mti. Atajua kwamba babu yake hakuwa adui wa pori bali mmoja wa waliolifanya lilivyo.

Mnyama wa mwisho kujulikana kuwa na sotoka duniani alionekana nchini Kenya mwaka 2001, naye alikuwa nyati. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba maradhi hayo yamekomeshwa kabisa, ya pili kukomeshwa na wanadamu baada ya ndui. Hayakukomeshwa na askari wa pori wala na ua. Yalikomeshwa na wafugaji waliokubali kuwaleta ng'ombe wao wachanjwe, mwaka baada ya mwaka, na watu waliotembea na chanjo hata maboma ya mbali. Mipaka ya hifadhi na mashamba yazidi kukaribiana, na watoto tunaowafundisha leo ndio watakaoamua kesho. Wakilijua somo hili, wataamua kama jirani wa pori, si kama wageni wake.