Walipoita kuua "kazi"

Leo sina umbea wa hosteli. Wiki nzima nimekuwa nasoma habari za RTLM, redio ya Kigali, na zinanigusa kwa sababu kwetu ni Mabawe, Ngara. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu, kwa hiyo maneno yake mengi sihitaji kutafsiriwa.

RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Watu wanadhani ilikuwa inafoka chuki tu kutwa nzima. Wapi! Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wakataniana, vijana wakaipenda. Katikati ya utani huo Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende. Ila lililonitisha zaidi ni neno la kawaida kabisa: gukora, kufanya kazi. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, kuua kukaitwa kazi. Mende unamchukia, sawa, lakini kazi ni kitu cha heshima. Mtu anaamka, anachukua panga, anaondoka na majirani zake, jioni anarudi amechoka. Ndiyo maana mimi sikubali wanaposema watu wale walirukwa na akili. Akili walikuwa nazo, ila zilikuwa zimepewa jina la kujifichia.

Halafu ikaja zamu ya woga. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, wengi wao Wahutu wakiikimbia RPF. Pale Benaco wasio na hatia walilala jirani na waliotoka "kazini". Walirudishwa Rwanda Desemba 1996. Mahakama ya Arusha ikawatia hatiani Nahimana na Barayagwiza wa RTLM tarehe 3 Desemba 2003, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo vyao.

Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga huku Kagera. "Wahamiaji haramu" wakaondolewa, wakiwemo waliokwisha kuoa na kuzeesha migomba hapa hapa. Na hapa chuo, nikifungua mdomo tu lafudhi ikatoka, kuna jamaa ananiita "mkimbizi". Wote tunacheka, na mimi nikiwemo. Jamani, sisemi huyo ni RTLM, msije mkaninukuu vibaya. Nasema tu kwamba na ile redio ilichekesha.

Nyie wa Kigoma, huko hosteli kwenu mnaitwaje?