Mbwigu wa Mwadui na ghala lake la miiba

Wadau, Mwadui mnaijua kwa almasi za Williamson. Leo niacheni niongelee mbwigu, yule ndege anayechomeka panzi na mijusi kwenye miiba ili aje kuwala baadaye. Anakumbukaje mwiba upi?

Jibu limetafutwa mbali, kwa ndege wanaoficha mbegu. Mwaka 1966 Mrusi Natalia Krushinskaya aliharibu sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Ndege wakashindwa kupata walikoficha. Mwaka 1989 John Krebs na wenzake wakaonyesha kuwa ndege waficha chakula wana hipokampasi kubwa kuliko wasioficha. Mwaka 2003 Vladimir Pravosudov akawaongezea ndege kidogo homoni ya msongo, kortikosteroni. Wakaficha zaidi, wakakumbuka vizuri zaidi. (Mimi nikibanwa na mhariri nasahau hata kalamu!)

Ila kumbukumbu bila mti haisaidii. Shinyanga ilifyekwa sana, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba. Mradi wa HASHI ulianza kurudisha miti mwaka 1986, ukitumia ngitili, akiba ya malisho ya Wasukuma wenyewe. Mlioko Maganzo, miiba yenye panzi bado mnaiona, au mgunga wote umeishia kwenye mkaa?